Mwaka wa Kisu cha Pete

Mama Naserian alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa darasani nawaonyesha wasichana jinsi ya kushona ukingo wa mkoba, na hakusalimia. "Baba Naserian ametuacha," alisema. "Tunazika Jumamosi. Kuja." Nilimaliza kipindi, na ukiniuliza leo nilifundisha nini nitakudanganya. Ijumaa nilifika Isiolo na nguo mbili kwenye begi na jambo moja kichwani, kwamba nimechelewa. Mazishi niliyawahi. Nilichelewa kumwambia mtu neno nililokuwa nalo tangu nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na mtu mwenyewe alikuwa amelala ndani ya sanduku sebuleni kwake, amevalishwa suti ambayo sikumjua nayo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, nikapewa chai, nikainywa.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimepanga chumba cha mabati mtaa wa Chechelesi, chumba cha kitanda kimoja na stuli moja, na ukuta wangu wa nyuma ndio uliokuwa ukuta wa karakana ya Fundi Stefano. Tulijuana kwa masikio kabla ya kujuana kwa sura. Nilijua kwamba anaanza kazi kwa kukohoa mara mbili. Nilijua tupa yake ikiwa imekwisha makali, maana sauti yake ilinikereketa meno, na nilijua kwamba mkewe, Mmeru aliyeitwa Kanana ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Naserian, hamwogopi hata kidogo. "Baba Naserian, hiyo chuma ndiyo utakula?" alikuwa anauliza kila mchana chakula kikiiva, na nyundo inanyamaza. Mimi nilikuwa nimetoka tu kumaliza kozi ya ngozi, nina cheti na kichwa kikubwa kinachokuja na cheti, na sina kazi. Siku moja Stefano alinikuta nje naanika ngozi ya mbuzi, akasimama, mfupi, mweusi, mikono mipana kuliko mwili unavyostahili.

"Wewe ndiye msichana wa ngozi?"

"Ndiyo, Fundi. Naitwa Nasieku."

"Unajua kushona ala ya kisu?"

"Najua vizuri sana."

"Basi sitaki ala. Kisu yangu inajiingiza nyumbani yenyewe. Nataka kifuko kidogo cha kuweka wembe za akiba. Hiyo unajua?"

Hivyo ndivyo fundi wa ala alivyoajiriwa na mtu anayetengeneza kisu kisichotaka ala. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini nilikula kwake mchana na jioni, na kwa mtu aliyekuwa anaishi kwa chai ya rangi hilo halikuwa jambo la kudharau.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu, la sivyo mengine hayataeleweka. Stefano alikuwa Msamburu kama mimi, lakini wa ukoo wa wahunzi. Kwetu mhunzi anahitajika na kila mtu na hapewi binti wa mtu; ndiyo maana alioa Mmeru, na kwa maoni yangu alipata mke bora kuliko wote waliomnyima. Chuma kikitoka kwa mhunzi hukipokei mkono kwa mkono. Anakiweka chini, unakiokota, na kabla hakijakaa mwilini mwako unakipaka mafuta ya mkia wa kondoo, ili laana ya mkono wake isikufuate. Stefano alikulia mjini na aliamini kwamba mambo hayo yalizikwa pamoja na baba yake. Huyo baba aliwahi kumuuzia mtu wa Oldonyiro kisu cha kukunja, kisu kikajifunga na kumkata vidole. Hakuna aliyeuliza kama msumari wa kiungo ulikuwa umelegea. Walisema mhunzi amelaani, na familia ikahama kabla ya mvua.

"Chuma haina laana," Stefano aliniambia juma la kwanza, bila kuinua macho kutoka kwenye jiliwa lililobana wembe. "Chuma iko na makosa. Makosa unatafuta, unaona, unatoa. Mimi nataka kisu moja yenye haiwezi kufungia mtu vidole. Niuzie watu wa Oldonyiro, wakae nayo mwaka mzima na vidole zao kumi. Halafu wakuje waniambie ati ni mkono yangu."

Kisu chenyewe ningeweza kukichora nikiwa nimefumba macho. Mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, umepasuliwa katikati ili makali yalale ndani yakikunjwa. Wembe wake ulikuwa kipande cha msumeno wa chuma kilichokataliwa na gereji, kimesagwa mpaka kikawa na makali. Ukiisha unautoa kwa kusukuma mgongo wake na msumari, bila kidole kugusa makali, unaweka mwingine kutoka kwenye kifuko changu. Mchungaji hakuhitaji tena kukaa na kisu butu na kukilazimisha, maana Stefano alikuwa anasema kisu butu ndicho kinachokata watu. Kazi kubwa ilikuwa shingoni. Hapo alivisha pete ya shaba iliyokatwa kutoka bomba la friji bovu. Ukikunjua kisu unazungusha pete, inabana, na wembe hauwezi kurudi mpaka uizungushe tena. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiichonge pete jino dogo, likae kwenye pengo lake. Aliifikiria kidogo. "Pete inashika yenyewe," alisema, "jino ya nini? Siku ya kubadilisha wembe mzee atasumbuka nayo." Nilikubali. Ilikuwa inashika kweli.

Alikipima kwa karoti. Alifunga kisu kwenye jiliwa kimekunjuliwa, akaweka karoti pale kidole kinapokaa, kisha akaugonga mgongo wa wembe kwa gogo, akauvuta kwa ndoo ya mchanga, akautikisa namna mtu anavyotikisa anapochuna ngozi. Pete ikiteleza, wembe unarudi na karoti inakatika. Mama Naserian alinunua karoti kwa kina mama wenzake wa Meru sokoni, na zilizokatika zilikwenda kwenye sufuria, kwa hiyo sisi wote tulijua kazi ya siku imekwendaje kwa kuangalia mchuzi. Miezi ya kwanza mchuzi ulikuwa mwekundu. Naserian, binti yao, aliyekuwa na miaka sita na hakuna mtu aliyemficha kitu, aliinua kipande kwa kijiko na kusema, "Baba, hii ni ya kidole gumba." Mama yake alimkemea huku anacheka. Stefano hakucheka, alikipokea kipande kile akakigeuzageuza aone kimekatika upande gani, akakila. Kadiri miezi ilivyopita karoti zilipungua, na ilifika jioni moja tukala maharagwe na mahindi matupu. Mama Naserian aliweka sahani mezani akasema, "Leo hakuna mtu amekatwa." Sijapata kumwona mtu akifurahia githeri isiyo na kitu namna Stefano alivyoifurahia ile.

Kisu cha kwanza kilichopita mtihani alinipa mimi. Aliniita karakanani, akanyoosha mkono, kisu kikiwa juu ya kiganja, na kwa sekunde moja mkono wangu ulikataa. Nilisoma, nilikuwa na cheti, nilikuwa nimekula chakula cha mtu huyu siku zaidi ya mia, na mkono wangu ulisubiri akiweke chini. Sidhani kama aliona. Nilikipokea, nikamshukuru, nikaenda chumbani, nikafunga mlango. Nilikuwa na kikopo cha mafuta ya kondoo nilichotumia kulainisha ngozi. Nilikipaka kisu chote, mpini, wembe na pete, namna nilivyomwona mama yangu akipaka kila chuma kilichoingia nyumbani kwetu. Kisha nikarudi nikala chakula cha mchana. Ninaona haya kuliandika hili kuliko yote mengine, na nimeliandika.

Oldonyiro nilikwenda mimi, si yeye. Alisema watu watamwogopa kwa ajili ya baba yake, wacha kisu kitangulie kikamsemee. Siku ya mnada nilitandika gunia pembeni mwa uwanja wa mbuzi, vumbi mpaka kwenye meno, nikavipanga visu na kuvikunjua kimoja kimoja mbele ya wazee. Waliipenda pete. Waliizungusha, wakaisikia inavyobana, wakacheka. Halafu kila mmoja, akiwa ameshashika, aliuliza kwa sauti ya chini, "Ni ya nani hii?" Nikisema ni ya Stefano wa Isiolo, walikirudisha kwenye gunia. Mzee mmoja alinihurumia. "Mwanangu," alisema, "umeipaka?" Nilisema hapana, nikarudi Isiolo na mzigo wangu mzima, na Stefano alikuwa bado anasubiri. Mnada uliofuata nilikuja na kikopo. Nilivipaka vyote kabla ya kutandika gunia, na nilipoulizwa nilijibu kwamba nimepaka, na vilikwisha kabla ya adhuhuri.

Nilimkuta Stefano barabarani, hakuweza hata kungoja nyumbani. "Walichukua?"

"Wamechukua zote, Fundi."

"Hawakusema kitu?"

"Wamesifu pete."

Alitazama kando. "Unaona," alisema. "Ni watu tu. Ukiwapa kitu kizuri wanachukua." Usiku ule nilimsikia kupitia mabati akimweleza mkewe neno kwa neno, na kumweleza tena.

Kijana aliyeumia aliitwa Leparie. Alikuwa anachuna mbuzi kwenye harusi ya kaka yake, mkono umejaa damu na jasho, na kisu kilijifunga katikati ya kazi. Kilikata mishipa ya vidole vitatu. Walimfunga kwa kitambaa na dawa ya miti, na mpaka alipofikishwa hospitali mkono ulikuwa umeoza. Ulikatwa juu ya kiwiko. Mkono wa kulia. Habari ilitufikia kwa miguu ya wazee wanne waliokuja na kondoo dume na kibuyu cha maziwa, wakakaa kwenye benchi la karakana wakiwa wameshika fimbo zao katikati ya magoti. Mimi niliitwa kuleta chai. Stefano alidhani wamekuja kudai fidia, na alikuwa tayari kulipa mpaka fuawe yake ya kufulia chuma.

"Sisi hatukuja kudai," alisema mkubwa wao. "Huyo kijana bado ana homa. Na watoto wa hao wengine walikuwa wanalala na visu zako ndani ya nyumba. Tumekuja kukuomba utoe maneno yako. Tema mate, ubariki, basi."

"Maneno gani?"

"Yale ulisema ukitengeneza."

"Sikusema kitu. Wazee wangu, hiyo ni kisu, iko na kosa mahali. Nipeni niangalie. Nikiangalia tu nitajua."

Wazee walitazamana. "Tulitupa kwa mto, Ewaso," alisema mwingine. "Zote. Nani atakaa na hiyo kitu?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nilijua wakati huo? Nilishuku, na kushuku kulinitosha, ningeweza kusema, "Fundi, zilikuwa na mafuta." Maneno manne. Lakini baada ya hayo ningelazimika kusema nani alipaka, na kwa nini, na kwamba kile alichonipa mimi mkononi kwa furaha nilikipaka pia, mlango umefungwa. Nilijaza vikombe. Stefano alibishana nao mpaka jua lilipofika mlangoni, kwanza kwa sauti kubwa, kisha ndogo. Mwisho yule mkubwa alisema kwa upole, "Kama hakuna maneno, utapoteza nini ukitema?" Stefano aliinuka. Alitema mate kwenye maziwa, akanyunyiza kwa majani, akasema maneno ya baraka ambayo sikujua kwamba anayajua. Wazee waliitikia kila neno, wakashukuru, wakaenda.

Siku iliyofuata nilinunua karoti yangu mwenyewe. Nilikiosha kisu changu kwa mafuta ya taa mpaka mafuta ya kondoo yakaisha, nikakikausha, nikakigonga, nikakitikisa, pete ikashika. Nikakipaka tena mafuta ya kondoo, nikakishika mkononi mpaka kikapata joto, nikakitikisa tena. Pete ilizunguka kimyakimya na karoti ikakatika. Nilirudia mara tatu kwa sababu nilitaka iwe uongo. Upande wa pili wa mabati nilimsikia Stefano akifanya kazi hiyohiyo. Aliendelea kwa wiki kadhaa. Alitengeneza visu vingine sawasawa na vile, akavigonga, akavivuta kwa ndoo mbili, akavilowesha maji, akavifukia mchangani, na karoti zote zilitoka nzima. Mama Naserian alizipika zikiwa nzima, na tulikaa mezani tukiziangalia. Kila kisu kilichopita mtihani kilimnyang'anya sababu moja. Jioni moja aliweka kijiko chini akasema, si kwetu hasa, "Kisu haina kosa. Nimetafuta." Naserian aliomba maji.

Niliondoka Isiolo kabla ya mwaka kwisha. Nilisema nimepata kazi, na ilikuwa kweli, lakini ningeondoka hata bila kazi. Mwanzoni nilikaa kimya kwa woga. Halafu nilikaa kimya kwa aibu, na baada ya miaka kumi aibu ya kosa ilimezwa na aibu ya kukaa kimya, na hiyo haina mwisho, kila siku inaongeza. Nilimtumia salamu za Krismasi. Niliandika barua mbili nikazichana. Nilijiambia kwamba atakuwa amesahau, mtu ana familia, ana shughuli. Ni rahisi kumsahaulisha mtu ukiwa mbali naye.

Jumamosi tulimzika. Wazee kadhaa wa Oldonyiro walikuja, nikawaona wakisubiri wengine watupe udongo kwanza. Watu walipokwisha kula na turubai likaanza kufunguliwa, tulibaki watatu jikoni: Mama Naserian akisugua sufuria ambayo watu wamemkataza kuisugua, Naserian akipangusa sahani, mwanamke mzima sasa, ana watoto wawili, na mimi. Ni Naserian aliyeanza, kwa kusimulia tu, namna watu wanavyomsimulia marehemu. Alisema baba yake aliuza vyombo vyote vya kazi mwaka ule nilioondoka, akauza viatu vya mitumba mpaka uzee. Hakuwahi kushika kisu tena, hata nyama alikuwa anakatiwa. "Na hawa wangu," alisema, "hakuna siku aliwabeba hivihivi. Lazima nimfunikie mtoto na shuka kwanza, ndiyo mkono yake isimguse. Nilikuwa nafikiria ni baridi anaogopa. Ndio nikamuuliza, akaniambia, 'Huu mkono si mzuri, Naserian. Nilikataa kuamini mpaka mtu akapoteza wake.'"

Basi nikasema. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kikopo, mnada, kisu changu, karoti yangu, mtihani wa chumbani. Mama Naserian hakuacha kusugua mpaka nilipofika kwenye chumba nilichojifungia na kikopo. Hapo aliiacha sufuria ndani ya maji na kunitazama, na Kiswahili chake kilitoka polepole.

"Ulikuwa unakula hapa," alisema.

"Nilikuwa nakula hapa, Mama."

"Mezani yangu. Na hiyo kopo iko kwa nyumba yako."

"Ndiyo."

Alikausha mikono kwa leso, akatoka, na nilimsikia akiwaelekeza vijana mahali pa kupanga viti. Nililia, na sikutarajia mtu anibembeleze, wala hakuna aliyenibembeleza. Naserian alikuwa bado ameshika sahani ileile. Alikuwa na uso wa baba yake anapogeuza kitu aone kimekatikia wapi.

"Angejua ni mafuta," aliuliza, "angefanya nini?"

"Angechonga pete jino. Jino dogo, na pengo la kulishika."

"Hiyo ni kazi ngumu?"

"Hapana. Ni tupa tu."

"Ingemchukua siku ngapi?"

Nilifikiria kumdanganya. Ningesema mwezi, ningesema pengine asingeweza, na labda angelala.

"Asubuhi moja," nilimwambia.